Bougie ya Moto ya Papa

Mwezi uliopita nilikwenda mtaa wetu wa zamani, Anderlecht, kumsaidia mama yangu kuhama. Hahamii mbali. Anatoka ghorofa ya tano na kushuka ghorofa ya chini ya jengo lile lile, kwa sababu magoti yamemchosha na lifti ya pale inafanya kazi siku inayojisikia. Maman hajawahi kutupa hata kamba ya kiatu. Alikaa kwenye kiti katikati ya maboksi akitoa amri, nami nikawa natii. Katika droo ya chini ya kabati la sebuleni nikakuta kopo la biskuti, na ndani yake, chini ya rozari na miwani ya baba, kitu kidogo kizito kilichofungwa kwa leso. Nilikitambua kwa harufu kabla sijakifungua: chuma, masizi, na petroli ya zamani sana.

Ilikuwa plagi ya pikipiki.

"Iyo usitupe," Maman akasema bila kugeuka.

"Sikutaka kuitupa."

"Ninasema tu."

Lazima nieleze jambo moja hapa, la sivyo mengine hayataeleweka. Kwetu nyumbani hakuna aliyesema pikipiki, wala plagi. Wazazi wangu walitoka Lubumbashi. Kwa Kiswahili chao pikipiki iliitwa moto, kama kwa Kifaransa, na moto wa jikoni nao ukaendelea kuitwa moto. Plagi iliitwa bougie, na mshumaa nao uliitwa bougie, kwa kuwa Kifaransa chenyewe hakikuona sababu ya kuvipa majina mawili. Maneno plagi na mshumaa nimeyapata ukubwani, kwa rafiki yangu Mtanzania ninayefanya naye kazi karibu na Porte de Namur, ambaye hunisahihisha nikiongea na hunisahihisha nikiandika. Nilipomsimulia habari hii alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akaniambia kwao haingewezekana. Ni kweli, ingewezekana kwetu tu.

Moto ilikuwa ya papa, yaani baba yangu. Aliinunua kwa mzee mmoja Mwitaliano wa mtaa wa nyuma, nyekundu, ndogo, injini ya cc hamsini, kiti kimepasuka na kuzibwa kwa utepe mweusi. Jumapili aliiosha uani kwa sabuni ya vyombo, na Maman alimpigia kelele dirishani juu ya sabuni yake. Mimi nilikuwa na kazi ya kufuta kioo cha pembeni. Nilikuwa nakipumulia kwanza, kisha nakifuta kwa mkono wa sweta, na papa alikuwa anakikagua kwa makini kama vile maisha yake yote yanategemea kioo kile.

Papa alifariki kiangazi kimoja, kazini, moyo wake uliposimama ghafla. Watu walikuja, wakapika, wakalia, wakaimba, wakarudi makwao. Tukabaki watatu: Maman, mimi na moto.

Maman hakuwa amewahi kuendesha hata baiskeli. Lakini alipata kazi katika nyumba ya wazee, kule juu, ukishapita Flagey, kazi ya kuwaogesha na kuwavalisha, na zamu ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kutoka kwetu, metro ya kwanza na basi la kwanza vingemfikisha amechelewa robo saa. Basi akajifunza moto. Alijifunzia uani jioni, amefunga kitenge juu ya suruali, kofia ya chuma ya papa ikimcheza kichwani. Alianguka mara mbili. Nilicheka mara mbili, na mara ya pili naye alicheka, amekaa chini kwenye saruji na gurudumu bado linazunguka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Nilimpenda sana siku ile, nikatamani aanguke tena.

Kila alfajiri aliniamsha ili kuniaga. "Fifi, ninaenda. Usifungulie muntu." Nilifunga mlango kwa ndani, kisha nikasimama kwenye kiti jikoni, nikachungulia uani. Taa ya mlango wa jengo ilimwangaza vizuri. Nilijua kila alichofanya na kwa mpangilio gani. Alifungua kibomba cha petroli chini ya tanki, kile walichokiita robinet, akavuta kijiti wanachokiita starter, kile kinachoipa injini petroli zaidi kukiwa na baridi, akapanda, akapiga kiki. Moja, mbili, tatu, moto ikakohoa, ikawaka, ikaondoka naye. Halafu nyumba nzima ikawa kimya, na mimi nilikuwa na saa mbili na zaidi za kukaa peke yangu kabla ya kuvuka barabara kwenda shuleni.

Saa hizo mbili nilizichukia. Firiji ilinguruma, mabomba ya maji yaligonga ukutani, na mimi nilijikunyata sebuleni mbele ya picha ya papa, kwa sababu mbele ya picha kulikuwa na bougie inayowaka, nene, nyeupe, ndani ya glasi. Maman aliileta kutoka kanisani. Nilikatazwa kuigusa. "Hii bougie haizimake," aliniambia siku aliyoiweka. "Unasikia, Fifi? Ikizima..." Sentensi hakuimaliza. Angeimalizia kwa lolote, hata kwa kiboko, ingekuwa afadhali.

Baridi ilipoanza, moto nayo ikaanza maringo. Kiki tatu zikawa sita, sita zikawa kumi na mbili. Asubuhi mbili ilikataa kabisa kwa muda mrefu, na mara zote mbili Maman alifika kazini amechelewa. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Nilimsikia akimwambia dada yake wa Lubumbashi kwenye simu, akidhani nimo kwenye vitabu vyangu: "Yule madame, mukubwa wa kazi, aliniambia, mara ya tatu hawatasinya contrat. Mara ya tatu, ni fini." Nilijua kuhesabu. Ilikuwa imebaki moja.

Wiki ile ile nilitimiza miaka minane. Keki ilikuwapo, Maman aliioka mwenyewe, lakini alisahau kununua vile vimishumaa vidogo vya kupuliza. Aliniomba radhi mara tatu, na mimi nikasema si kitu, kwa sauti ya mtoto ambaye kwake ni kitu kikubwa kabisa. Shuleni walikuwa wametufundisha kwamba ukipuliza unaomba jambo moja moyoni, na ukilitamka haliji. Kwa hiyo jioni ile, Maman alipokuwa anaoga, nikasogeza kiti mbele ya kabati. Papa alikuwa ananiangalia na koti lake la harusi. Nikaomba moyoni: Maman asiende kesho. Nikapuliza.

Ilizimika mara moja. Uzi mwembamba wa moshi ukapanda mbele ya uso wa papa. Hapo ndipo nilipokumbuka ile sentensi isiyomaliziwa. Kiberiti kilikuwa juu ya firiji, nisingekifikia hata juu ya kiti, na maji ya bafuni yalikuwa yameacha kutiririka. Nikakimbilia kitandani, nikajifunika gubigubi, nikajifanya nimelala. Bila kutaka, nikalala kweli.

Asubuhi vioo vya madirisha vilikuwa vimeganda barafu kwa ndani. Maman aliniaga kama kawaida. Sikuthubutu kutazama sebuleni. Nilipanda juu ya kiti changu cha jikoni, nikaanza kuhesabu. Kiki ya tatu. Ya sita. Ya kumi na mbili. Nilifika ishirini na saba, nikaacha.

Sitaficha: nilifurahi. Ombi langu limekubaliwa, Maman haendi, atapanda ngazi arudi, atatengeneza maziwa ya moto na tutarudi kulala. Furaha yenyewe haikuzidi dakika moja. Halafu nikaikumbuka mara ya tatu.

Nikasikia hatua zake kwenye ngazi. Zilipanda, zikapanda, halafu zikasimama chini yetu, ghorofa ya tatu, na nikasikia akibisha mlango. Maman hakuwa mtu wa kubisha milango ya watu. Nikavaa koti la papa juu ya nguo za kulalia, nikafungua, nikashuka.

Ghorofa ya tatu aliishi Tonton, yaani Mjomba, Rajabu na mkewe Maman Zaina, Warundi wa Bujumbura. Tulikuwa tunasalimiana nao kwenye ngazi, basi. Kwenye msiba waliwahi kuleta sufuria ya wali, Maman akaiosha, akairudisha, akashukuru, yakaishia hapo. Alikuwa na haya, na kiburi kidogo pia, hakupenda kuonewa huruma. Tena alikuwa amejiaminisha kwamba mzee wa Kiislamu kama yule lazima anashangaa kumwona mwanamke amepanda moto miguu huku na huku.

Tonton Rajabu alitoka na kikombe cha chai mkononi, ndani ya kanzu yake ya kulalia. Naye alikuwa wa zamu ya asubuhi, kwenye ghala moja la pale pale Anderlecht.

"Pardon, Tonton Rajabu," Maman akasema. "Moto inakatala. Na mimi nko na dakika vingt-cinq tu, makumi mbili na tano."

Hakuuliza la mwanamke wala la mwanaume. Alikiweka kikombe chini, akavaa koti zito juu ya kanzu, akachukua mkebe wa vifaa nyuma ya mlango. "Maman Zaina, chai ibaki ya moto," akasema, na tukashuka wote watatu. Mimi hakuna aliyenifukuza, kwa hiyo nikafuata.

Nilikuja kujua baadaye kwamba alitengeneza pikipiki Bujumbura miaka mingi kabla ya vita kumtoa. Asubuhi ile niliona tu kwamba anaiuliza moto maswali kama daktari anavyomuuliza mgonjwa, na Maman anajibu kwa niaba yake.

"Robinet iko wazi?"

"Iko wazi."

"Essence?"

"Niliweka jana."

Akaitikisa moto, akasikiliza tanki. "Starter ulivuta?"

"Nilivuta."

"Kisha ukapiga kiki ngapi?"

"Sijui. Mingi."

Akainama, akanusa karibu na injini. Hata mimi niliisikia, ile harufu kali ya petroli iliyokosa kuungua. "Voilà," akasema. "Umeinywesha kupita kiasi, maman Fifi. Baridi hii, essence inabaki maji tu, inalowanisha kila kitu humo ndani. Mimi mwenyewe ningekunywa hivyo nisingeamka."

Maman alitabasamu kidogo, bila kupenda. Tonton akachukua ufunguo mrefu, akauingiza ubavuni mwa injini, akazungusha, akatoa kitu kidogo akakiinua kwenye taa. Kilikuwa cheusi na kinametameta kwa kulowa. Akakirudishia waya wake, akakigusisha kwenye chuma, akamwambia Maman apige kiki. Wote wawili wakatazama. Hakukuwa na cheche.

"Maman," nikauliza, "kuna nini?"

Akanigeukia. Alikuwa amechoka, pua imekuwa nyekundu kwa baridi, na akanijibu kwa sentensi ambayo naikumbuka neno kwa neno mpaka leo.

"Moto haiwake, Fifi. Bougie ilikufa."

Nilidhani anajua. Nilidhani ameingia sebuleni alfajiri, ameiona, na ameamua kuniambia hapa uani mbele ya mgeni. Sasa ile sentensi yake ya siku zote ikawa na mwisho. Ikizima, moto ya papa haiwaki. Ilikuwa wazi kabisa, sikuona cha kushangaza. Moto ilikuwa ya papa, bougie ilikuwa ya papa, ya juu ndiyo iliyokuwa inaiwasha ya chini. Na mimi niliipuliza kwa sababu ya keki.

"Funga robinet," Tonton alikuwa anamwambia Maman, "rudisha starter, fungua gaz yote hapa mkononi, piga kiki hivi hivi bila bougie. Mara kumi, mara kumi na tano, itapike ile essence. Mimi nakuja sasa hivi." Akaelekea kwenye ngazi na kile kitu cheusi kiganjani. Lifti ilikuwa imelala. Nikamkimbilia nyuma, na tulipofika ghorofa ya pili nikamshika koti.

"Tonton, njo mimi niliua bougie."

Akasimama. "Wewe?"

"Mimi."

"Uliiua vipi?"

"Nilipuliza."

Akakitazama kile kitu kilicho kiganjani mwake, akanitazama mimi. Nakumbuka alivyokigeuza, akakiangalia tena kwa upande wa pili, kama vile anatafuta alama ya pumzi yangu. Hakucheka. Nimekutana na watu wengi wema katika maisha yangu, lakini wachache wangeweza kutocheka pale.

"Ulipuliza kwa nguvu?" akauliza.

"Kidogo."

"Kidogo. Basi haijafa kabisa. Iko wapi?"

"Juu. Mbele ya papa."

Nikamwona anaelewa. Uso wake ulibadilika taratibu, akapiga hatua mbili kwenye ngazi, kisha akageuka.

"Sikiliza, Fifi. Hii kazi ina bougie mbili, na dakika hazitoshi mtu mmoja. Mimi nashughulikia hii, wewe na Maman Zaina mnashughulikia ile ya juu. Tukimaliza tunakutana chini. Sawa?"

"Sawa."

Maman Zaina alikuwa mlangoni na kanga kichwani. Tonton alimwambia maneno mawili matatu kwa Kirundi, na mama yule, bila kuuliza kitu, akachukua kiberiti, akanishika mkono, akapanda nami hadi ghorofa ya tano. Alisimama mbele ya picha ya papa kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa. Akawasha njiti, akanipa, akauongoza mkono wangu. Bougie ikashika. "Mungu amrehemu," akasema taratibu, kwa papa yangu ambaye alikuwa Mkatoliki wa rozari na maji ya baraka. Nimemkumbuka Maman Zaina kwa mengi, kwa mandazi yake hasa, lakini kwa lile zaidi.

Tulipopita tena ghorofa ya tatu mlango ulikuwa wazi. Tonton alikuwa jikoni, ameifuta ile bougie yake kwa kitambaa, ameisugua kwa msasa mpaka ncha yake imeng'aa, na sasa alikuwa ameishika kwa koleo juu ya mwali wa jiko la gesi, anaigeuza kama mtu anayechoma nyama.

"Ya kwenu?" akauliza.

"Inawaka," nikasema.

"Bon. Twende kabla hii haijapoa."

Nimewahi kuona mambo ya ajabu katika mji huu. Sijaona tena mzee wa miaka hamsini na kitu, kanzu imepandishwa kwa mkono mmoja, koleo kwa mkono wa pili, anashuka ngazi mbili mbili huku akisema "Pisheni, pisheni," na ngazi haina mtu. Uani Maman alikuwa amemaliza kiki zake, anahema. Tonton akaiingiza bougie, akavuta pumzi kwa meno kwa jinsi ilivyomuunguza, akaikaza, akarudishia waya.

"Starter uache. Gaz kidogo tu. Piga."

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Nilifumba macho, nikaiona ile bougie ya juu, nikaisihi. Ya tatu moto ikapiga kelele, ikatoa moshi mweupe uliotufunika wote, na dirisha moja la ghorofa ya kwanza likafunguliwa, mtu akatutukana kwa Kiflemi. Tonton akamwinulia mkono kwa heshima.

Maman alikuwa tayari amepanda. Akanitazama, mimi na koti la papa na miguu bila soksi, akamtazama Maman Zaina aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

"Atabaki na mimi mpaka masomo," Maman Zaina akasema. "Na kesho vilevile. Mtoto hakai peke yake alfajiri, maman Fifi. Sisi tuko hapa."

Maman akaitikia kwa kichwa, akaondoka haraka, na nadhani alikuwa analia ndani ya ile kofia.

Siku ile shuleni sikujifunza kitu. Nilirudi nikakaa kwenye ngazi ya chini kumsubiri. Alipoingia uani alizima injini, akavua kofia, akaniambia kabla sijamuuliza: "Nilifika dakika quatre, ine, mbele ya saa. Yule madame alikuwa amesimama mulangoni, anaangalia montre yake ya mukono. Akasema bonjour, nami nikasema bonjour." Mwezi uliofuata mkataba ulisainiwa. Aliwafanyia wazee wale kazi mpaka mwaka jana, alipostaafu.

Ombi langu, ukilitazama vizuri, lilijibiwa nusu. Maman aliendelea kwenda, lakini mimi sikubaki tena peke yangu hata asubuhi moja. Nililala kwenye kochi la Maman Zaina mpaka kunapambazuka, nikaamshwa na harufu ya tangawizi. Tonton alinunua bougie mpya ya moto, na ile ya zamani akanipa mimi. "Hii ni yako," akasema, "wewe ndiye mwenye kesi nayo." Niliiweka kwenye kabati, mbele ya papa, kando ya ile nyingine. Maman aliiona, akaiacha.

Sitaki kusema ni miaka mingapi niliendelea kuamini. Wacha niseme ni mingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili. Nilipita barabarani nikatazama magari na kujiuliza bougie zao ziko kwenye makabati ya nani. Niliamini metro ina bougie kubwa, labda kwenye kanisa fulani, na treni ikichelewa nilijua kuna padri amesahau. Niliposoma mambo ya injini shuleni na mwalimu akachora bougie ubaoni, niliona kila mtu ananakili mchoro kwa utulivu, na mimi nikawa nawaka masikio. Tonton Rajabu alikuwa bado hai wakati huo. Ningeweza kwenda kumuuliza kwa nini hakuniambia, lakini nilijua kwa nini.

Yote hayo yalinirudia mwezi uliopita, nimepiga magoti mbele ya droo na plagi mkononi. Tonton ametutoka, Mungu amrehemu naye. Moto iliuzwa zamani. Nikaona wakati umefika wa kukiri, maana miaka hii yote Maman nilikuwa sijamwambia. Nikavuta pumzi, lakini yeye akaniwahi.

"Ile bougie ya papa yako," akasema, "unajua nilikuwa nazimaka kila usiku?"

"Unasemaje?"

"Kila usiku. Weye uko unalala, mimi ninazima. Iunguze bâtiment, nyumba yote? Asubuhi ninawasha tena, mbele weye haujafungua macho. Ilikuwa kazi." Akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka, akaitazama mikono yake.

"Usiku moja tu sikuzima mimi. Nilitoka bafuni, nikakuta imezima yenyewe. Dirisha zote zimefungwa, Fifi, baridi kali, mupepo haina mahali ya kupita. Nikashika: bado iko na joto. Nikajua ni papa yako. Alipita, akazima, akaniambia: lala, inatosha, umelia ya kutosha. Nililala, sikuwa nimelala vile tangu deuil, tangu msiba. Asubuhi sikuwasha hata, niliacha vile yeye aliacha. Na ile moto ilipokatala, sikulia. Nilienda kubisha kwa Rajabu. Mimi, kubisha kwa bantu? Mbele ya ile siku, zamani, singewezaka. Ni yeye alinituma."

Nilikuwa bado nimeshika plagi. Lile ungamo langu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, maneno matatu tu, nimeyabeba tangu nina miaka minane. Maman alikuwa anatabasamu kuelekea ukutani, pale ambapo picha ilikuwa imening'inia na sasa pamebaki alama ya mraba. Nikayameza.

Nilimuuliza kitu kimoja tu.

"Alipuliza kwa nguvu?"

Maman akafikiri. Alifikiri kweli, kichwa kimeinama upande.

"Kidogo," akasema. "Kidogo tu." Kisha akanyoosha mkono nimpe ile plagi, akaifunga vizuri kwenye leso yake, akaiweka mapajani badala ya kuirudisha kwenye kopo. "Hii nitashuka nayo mwenyewe. Weye beba ile carton ya vyombo."